Sikuweka Mafuta ya Alizeti

Kwanza kabisa, sikuweka mafuta ya alizeti kwenye breki za gari langu. Naanza na hilo kwa sababu tangu jana usiku simu yangu haijapumzika, na asubuhi hii kanipigia shangazi yangu wa Singida kuuliza kama anitumie dumu la lita tano kwa basi.

Aliyesambaza habari ni rafiki yangu aliyekuwa kiti cha pembeni. Humu nitamwita Shahidi. Mkifika katikati mtaona ushahidi wake una matundu kuliko hiyo paipu ya breki yenyewe.

Gari mnalijua. Corolla ya mwaka 1998, namba A, ile ambayo mlango wa nyuma unafunguliwa na wenye uzoefu tu. Wiki iliyopita breki zikawa laini, kama unakanyaga andazi. Nikachungulia chini, tairi la nyuma kushoto limelowa kwa ndani. Nikampelekea fundi wa pale chini ya mwembe, mwisho wa mteremko wetu huku Goba. Huo mteremko na huo mwembe muuweke akilini.

Fundi akaingia uvunguni, akatoka na unga wa kutu kwenye vidole. Paipu ya breki imeoza. Ni ya chuma, imekula matope miaka ishirini na ushee, na mwenye gari wa kabla yangu alikaa nalo Kigamboni, bahari inampulizia chumvi kila siku. Akataja elfu sitini na tano, paipu na ufundi.

Nikacheka. Nikamwambia, maneno yangu haya haya, na mafundi wenzake wanne wanasikia: "Fundi, hiyo si paipu tu na nati mbili? Hata mimi nafunga."

Hakubishana. Alifuta mikono kwenye ovaroli, akasema, "Sawa, bosi." Hiyo "sawa, bosi" ilikuwa na kitu ndani yake. Siku hiyo sikukisikia.

Jumamosi nikaenda Gerezani, kwenye maduka ya vipuri, nikanunua paipu na chupa ya mafuta ya breki. DOT 3, imeandikwa kabisa ubavuni, shangazi naomba usome hapa mara mbili. Nati ya zamani ikaliwa kona dakika ya kwanza, maana nilitumia spana ya kawaida ya mdomo wazi, wakati nati za paipu zina spana yake inayoikumbatia nati karibu yote. Nikamalizia na praizi. Damu kidogo, matusi kiasi. Paipu mpya ikaingia, ila nati moja ikaanza kuingia kwa upande. Nikasema moyoni itajinyoosha ikikaza. Mafundi mliomo humu nawasikia mnavyoguna.

Ikabaki kutoa upepo. Nikamkalisha mpwa wangu wa kidato cha pili kwenye usukani. Kanyaga, kanyaga, kanyaga, shikilia! Mimi chini nafungua kile kinati cha kutolea upepo, mafuta yanatoka na mapovu, nafunga, haya achia. Tukaimba wimbo huo nusu saa nzima, jirani akafungua dirisha kuuliza kama kuna anayejifungua. Katika raha zote hizo hakuna aliyekumbuka kuchungulia kikopo cha mafuta kule mbele. Kikakauka. Kikikauka, pampu inanyonya hewa, kwa hiyo upepo nilioutoa kwa jasho gurudumu moja niliurudisha kwa yote manne. Nikajaza tena kikopo kama mtu anayeongeza maji ya chai. Nikakanyaga: laini. Nikakanyaga mara tatu za haraka: ikapanda, ngumu! Nikatangaza ushindi na picha nikapiga. Wengine wenu mliipenda ile picha, kwa hiyo lawama tugawane.

Jana jioni tukatoka na Shahidi kwenda kuangalia mpira. Kwenye tambarare breki zilishika, kwa kupampu. Nikamwambia Shahidi ndivyo paipu mpya zinavyokuwa, zinahitaji kuzoea. Akaitikia. Tukafika juu ya mteremko.

Sasa twende polepole.

Nikakanyaga. Mguu ukaenda mpaka kwenye kapeti ukakaa pale, kama umefika nyumbani. Nikapampu. Ikashika kidogo, halafu nikasikia huko nyuma "pssst", kama mtu anamwita muuza korosho, na pedali ikalala moja kwa moja. Nikavuta handibreki. Krrr, krrr, krrr, ikanijia mpaka kifuani; ikashika kwa huruma tu. Nikashusha gia kwenye L. Injini ikalia kilio cha mjane, gari likapungua, likapungua, mpaka mwendo wa mtu anayewahi kuswali. Likagoma kupungua zaidi.

Hapo ndipo aibu ilipo. Ajali ya kasi ina heshima yake, watu wanakupa pole. Mimi nilikuwa kwenye ajali inayotembea.

Mtauliza kwa nini sikugonga ukuta. Kushoto mtaro. Kulia ukuta wa mwenye nyumba wangu, na kodi ya miezi miwili bado. Chagueni nyie.

Shahidi akapiga kelele "Mamaaa!", akafungua mlango, akaruka. Hiki kipande kwenye ushahidi wake hakimo. Alianguka, akabingirika mara mbili bila sababu yoyote, kwa mwendo ambao bibi mwenye mkongojo angeshuka na kusema asante. Akainuka, akajikung'uta, akanifikia. Kwa miguu. Akawa anatembea sambamba na dirisha, ananishauri.

"Kanyaga breki!"

"Nakanyaga!"

"Kanyaga sana!"

Honi yangu ilikufa tangu mwaka jana, kwa hiyo nikatoa kichwa nje nikapiga kwa mdomo: "Piii! Piiii! Sina breki!" Mtoto mmoja mwenye sare za shule, anafyonza barafu ya ubuyu, akaja upande wangu akaniangalia kwa makini. "Anko, unajifunza?"

Mama wa vitumbua alinisikia. Akatoa kikaango kwanza. Akarudi akatoa beseni la unga. Akarudi akatoa benchi, na mteja akiwa bado amelikalia nusu. Muda ulimtosha, akabaki na wa kushika kiuno na kunitazama nikipita. "Shikamoo," nikamwambia. Sijui kwa nini. "Marahaba," akajibu.

Na mbele yangu, mwembe.

Mafundi wote watano walikuwa wamesimama. Hakuna aliyekimbia. Fundi wangu aliviringisha tairi moja chakavu kutoka kwenye rundo, akaliweka. La pili, akaliweka. Akarudi nyuma hatua tatu, akafunga mikono. Gari likaingia kwenye matairi, puu, likarudi nyuma kidogo, likatulia. Kimya. Kimya ambacho mtu unasikia mafuta yako yakidondoka.

Fundi akainama dirishani. "Karibu, bosi."

Akaingia uvunguni na tochi. Akakaa huko kidogo, kisha sauti ikatoka: "Nani kafunga hii nati?"

Ndugu zangu, ningeweza kusema kweli. Nikasema, "Fundi mmoja wa Tabata."

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Fundi akatoka, akafuta mikono kwenye ovaroli taratibu. "Huyo wa Tabata, bosi, usirudi kwake. Ana mkono mbaya."

Mengine mafupi. Elfu tisini. Leo saa nne gari limetoka, breki zinashika mpaka kichwa kinapiga kioo. Kwenye boneti kuna duara la rangi iliyobambuka pale nilipoweka ile chupa, maana mafuta ya breki yanakula rangi. Yakiwa mapya yana umanjano fulani. Shahidi aliyaona yanachuruzika chini ya gari, na huo ndio utafiti wake wote wa alizeti. Goti lake limechubuka. Muulizeni alichubukia wapi.

Shangazi, dumu usitume. Au tuma tu, nyumbani ya kupikia yameisha.