Kadhi alipwe na nani?

Mjadala wa Mahakama ya Kadhi Tanzania Bara hauishi. Ilani ya CCM ya mwaka 2005 iliahidi kulipatia suala hilo ufumbuzi. Muswada ukafika Dodoma, ukaondolewa mwaka 2015. Wanaoipinga hushika ibara ya 3 ya Katiba, isemayo Jamhuri ya Muungano haina dini. Wanaoitaka hushika ibara ya 19, ya uhuru wa kuabudu.

Lakini hebu ingia mahakama ya mwanzo siku ya shauri la mirathi ya Mwislamu. Hakimu, ambaye huenda ni Mlutheri, anapiga hesabu: mjane mwenye watoto apate thumni, yaani sehemu moja ya nane, mtoto wa kiume mafungu mawili, wa kike moja. Sheria ya nchi inamruhusu, mradi marehemu aliishi kwa taratibu za Kiislamu. Ina maana sheria ya Kiislamu haikutoka mahakamani. Aliyetolewa, kwa sheria ya mwaka 1963, ni kadhi mwenyewe. Swali la Waislamu ni la haki kabisa: kwa nini asihukumu aliyeisomea?

Kadhi wa BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, yupo, ila uamuzi wake hauna meno. Mke aliyeachwa kwa talaka bado anahitaji amri ya mahakama chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, na akidai sehemu yake ya nyumba waliyojenga wote, karatasi ya kadhi haimleti dalali wa mahakama mlangoni.

Kenya ilishavuka mto huu. Mei 2010 Mahakama Kuu iliona kuwa kuwapo kwa kadhi ndani ya Katiba kunapendelea dini moja. Makanisa mengi yakapiga kampeni ya "La", na Agosti wananchi wakaipitisha Katiba mpya hivyo hivyo: ibara ya 8 inakataa dini ya taifa, ibara ya 170 inawaweka makadhi. Nchi haikugeuka dola ya Kiislamu. Kadhi husikiliza ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, tena kati ya Waislamu waliokubali kufika mbele yake. Ila Kenya ilikuwa na deni la kihistoria, yale makubaliano ya 1963 na Zanzibar kuhusu ukanda wa pwani wa maili 10, yaliyoahidi kuwa makadhi watabaki. Tanzania Bara haina deni kama hilo, na wapinzani wana haki ya kulikumbusha.

Hoja yao ya kodi, kwamba fedha za umma zisimlipe kadhi wa dini moja, ndiyo dhaifu. Tangu makubaliano ya mwaka 1992 kati ya serikali na makanisa, na hata kabla yake, fedha za umma zimekuwa zikisaidia hospitali za misheni, na kodi ya Mwislamu imo humo. Watajibu kwamba hospitali hutibu kila mtu, kadhi huhudumia Waislamu tu. Sawa, tofauti ipo, ila haitoshi kufunga mjadala.

Wa kuogopa mshahara wa serikali, kwa maoni yangu, ni Waislamu wenyewe. Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba watoto waliozaliwa nje ya ndoa wasinyimwe urithi wa baba yao Mwislamu, na kadhi aliye ndani ya mfumo wa dola hana pa kuukwepa uamuzi huo. Huku kwetu, wapo ambao hadi leo hawaiamini BAKWATA, iliyoundwa mwaka 1968 EAMWS, jumuiya ya ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, ilipopigwa marufuku. Kadhi atakayeteuliwa Ikulu watamwamini vipi?

Mimi naona kadhi alipwe na Waislamu, na uamuzi wake usajiliwe mahakamani kama tuzo ya usuluhishi, pande zote zikiridhia. Kinachonisumbua ni hilo neno kuridhia. Mjane aliyezungukwa na mashemeji sebuleni atasaini chochote, kwa hiyo hakimu amwite na kumhoji peke yake kabla ya kugonga muhuri.