Damu ya Mzee Ukutani

Bi mkubwa wa Ngamiani, Tanga, alitaka ukuta mmoja tu wa sebule, ule wa nyuma ya tivii, uwe damu ya mzee kabla ya harusi ya bintiye. Kuta tatu zibaki krimu. Hapo mimi fundi rangi sikuwa na ubishi: ukuta wa kukoza ni ule macho yanaoufikia kwanza ukiingia mlangoni.

Ugomvi ulikuwa kopo. Alishanunua rangi ya mafuta, lita 4. Ukuta ni mita 4 kwa 3, lita moja inakula kama mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja, kwa hiyo mikono miwili ni lita mbili na nusu hivi. Hesabu safi kabisa. Ila ukuta wenyewe ni matumbawe na chokaa, upande wa pili ni bafu, na tulikuwa katikati ya masika. Ukuta wa hivyo hunyonya maji, halafu huyatoa polepole. Rangi ya maji inauacha upumue, ya mafuta inauziba pumzi.

Nikabandika kipande cha nailoni ukutani kupima unyevu, tepu pande zote nne. Kesho yake ndani kumejaa jasho.

"Bi mkubwa, ukuta unalia."

"Nitalia mimi harusi ikifika haujapakwa. Paka, mwanangu."

Nikakwangua chokaa iliyokuwa ikitoa unga, msasa, praima (rangi ya kutangulia), kisha mikono miwili ya ile ya mafuta. Tepu ya pembeni nikaivuta mshazari rangi ikiwa bado mbichi, maana ikikauka inabanduka nayo. Ukuta ukang'aa hadi unajiona uso.

Siku ya harusi bafu halikupumzika tangu alfajiri. Nami nimealikwa, niko na sahani yangu ya pilau, nikaona malengelenge yanachomoza: kwanza dengu, baadaye maandazi. Mjomba wa bibi harusi, kanzu nyeupe peee, akaegemea. Pwaa! Maji ya chokaa yakamshuka mgongoni mpaka kiunoni. Watoto walipoona hivyo, kila mmoja akachagua lengelenge lake.

"Fundi!" bi mkubwa akaniita mbele ya wakwe. "Ukuta wako unatema mate!"

Tulibandua yote mpaka kwenye chokaa, fundi bomba akaziba pa kuvujia, ukuta ukaachwa mtupu hadi nailoni ikatoka kavu. Kisha rangi ya maji isiyong'aa, damu ya mzee ileile. Ile ya mafuta iliyobaki ilienda kwenye geti la chuma, mpaka leo haina hata lengelenge moja.