Kwenye chai ya Kijapani, mgeni naye ana kazi

Mlango wa chumba cha chai kule Kyoto ulinikumbusha banda la kuku. Urefu wake haufiki sentimita 70, kwa hiyo mtu mzima, na shati lake la pasi, anaingia akitambaa. Huitwa nijiriguchi. Zamani samurai waliacha panga zao nje, wakainama kama watu wengine.

Nilikwenda nikidhani nitahudumiwa tu. Sisi husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Pale jembe unakabidhiwa dakika ya kwanza. Upige magoti na kukalia visigino. Umalize kitamutamu kabla ya chai. Umwombe radhi jirani kwa kumtangulia kunywa, ulizungushe bakuli ili uso wake mzuri usiguse midomo yako, na funda la mwisho ulivute kwa sauti. Kwetu ningechapwa kofi. Pale ndiyo adabu.

Chai yenyewe, matcha, ni majani yaliyosagwa yakawa unga, yakapigwa katika maji ya moto kwa kipigio cha mwanzi mpaka povu litoke. Ni chungu. Aliyezoea kahawa ya barazani kwa tende au halua hahitaji kuelezwa kwa nini kitamu kinatangulia.

Aliyeipa desturi hii sura yake ya leo ni Sen no Rikyū, karne ya 16. Alipenda vibanda vidogo na mabakuli ya udongo yasiyo na mbwembwe. Bwana aliyemtumikia, mtawala Toyotomi Hideyoshi, alikuwa na chumba cha chai cha dhahabu, na mwaka 1591 alimwamuru Rikyū ajiue. Sijui kama kuna wawili waliowahi kupishana hivyo kuhusu kinywaji kimoja.

Wapo wanaodharau hafla fupi za watalii kwa kuwa iliyo kamili, yenye chakula, huchukua kama saa nne. Mimi sioni tatizo kwenye ufupi. Magoti yangu yalikuwa yamekufa ganzi ndani ya robo saa! Tatizo tulikuwa sisi na simu zetu. Mama mwenyeji alitufundisha msemo wao, ichigo ichie, kwamba mkutano huu ni mmoja tu na haurudi tena. Hata hajamaliza vizuri, mwenzetu mmoja akamwomba apige chai upya, maana video yake haikushika.

Mama akainamisha kichwa, akachukua bakuli tupu, akarudia.