Ndizi mbichi za nazi hazingojei nyama

Jumapili iliyopita niliwapikia wageni wanne ndizi mbichi za nazi na mboga. Nilipofunua sufuria, mmoja wao, kijana wa umri wa mdogo wangu, alichungulia ndani, kisha akaniuliza kwa upole: "Dada, na nyama umeiweka wapi?" Hakuwa na ubaya. Lakini swali hilo nimeulizwa mara nyingi sana hapa Mombasa, na kila nikiulizwa huniuma. Nyama haimo. Sikuisahau, wala sikuikosa.

Wengi wetu tumezoea kuziita ndizi mbichi chakula cha watu wa bara, au chakula cha mgonjwa, au cha siku ambayo mfuko umekauka. Basi tusome aliyoandika Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, aliyekanyaga kisiwa hiki mwaka 1331. Anasema watu wa Mombasa hawakulima nafaka, waliletewa kutoka ng'ambo ya maji, na chakula chao zaidi kilikuwa ndizi na samaki. Kabla ya hapo, alipokuwa Mogadishu, aliandaliwa ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na pembeni ndimu za achari, tangawizi mbichi na maembe. Wakati huo pwani hii ilikuwa haijaona hindi wala muhogo, maana vyote viwili asili yake ni Amerika na vilivuka bahari baada ya Wareno. Hata tungule, yaani nyanya, na pilipili ninazotia kwenye sufuria yangu ni wageni mbele ya ndizi. Kwa hiyo anayeniambia kuwa ndizi si chakula cha kwetu, namwambia ugali wake ndio uliokuja nyuma.

Ndizi zangu nazinunua soko la Kongowea, asubuhi, kabla jua halijazipiga. Zinatoka Taveta, nyingine Kisii, nyingine Meru, na muuzaji anayejua kazi yake hukwambia zipi ni za kupika na zipi za kungoja ziive. Chagua chana ambayo ndizi zake ni ngumu, kijani imekoza mpaka shingoni. Ikishaanza kuwa na unjano, iache: wanga wake umeshaanza kugeuka sukari, na mchuzi utaingia utamu usiotakiwa.

Kumenya ndiko kunakowashinda wengi. Utomvu wa ndizi ukikukauka mkononi ni mweusi kama wino, na ukiingia kwenye leso hautoki tena. Mimi hupaka mafuta viganja vyote viwili na kisu pia. Nakata ncha mbili, napasua ganda kwa urefu, kijuujuu tu, kisha natia kidole gumba kwenye mpasuko na kulisukuma ganda pembeni. Likikubali, linatoka zima kwa mlio mdogo mkavu. Likikataa, usilipigie nguvu. Litumbukize kwenye maji moto kwa dakika chache litalegea. Ndizi iliyomenywa iende moja kwa moja kwenye bakuli la maji yenye chumvi na ndimu, kwa sababu ukiiacha kwenye upepo muda wa kujibu simu tu, utaikuta imesawijika.

Kwa ndizi 10 natumia nazi 2. Nakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi mwenyewe. Tui la kwanza, lile zito, nalikamua kwa maji ya vuguvugu kidogo sana na kuliweka kando kwenye kikombe. Chicha nairudia kwa maji mengi zaidi nipate tui jepesi, na hilo ndilo linaloivisha ndizi. Hapa sina mzaha. Mwezi jana nilikula ndizi kwenye mkahawa mmoja mjini, tui lote limetiwa mwanzo, likachemshwa kwa moto mkali mpaka likakatika, mafuta yanaelea juu na maji yako chini. Juu yake wameweka vipande vitatu vya nyama ya ng'ombe. Nikaelewa kitu: nyama ikishakuwepo, mpishi huacha kuyajali mengine, kwa kuwa anajua mlaji atahesabu vipande.

Bila nyama huna pa kujificha. Kitunguu lazima kikaangwe mpaka kilainike na kunukia. Kitunguu saumu na tangawizi vitwangwe, visikatwekatwe. Manjano kijiko kidogo, kisizidi. Tungule 2 zilizoiva hasa, zipikwe mpaka zisagike, ndipo ndizi na karoti ziingie pamoja na tui jepesi, moto wa wastani, dakika 20 hivi. Bilingani linafuata katikati, limekatwa vipande vikubwa ili lisiyeyuke. Ukichoma ndizi kwa uma na uma ukapita bila kubishana, punguza makaa, mimina tui zito, na kuanzia hapo koroga taratibu, usiache kukoroga mpaka litokote mara moja tu. Mchicha unautia mwisho, unafunika, unaepua. Joto lililobaki linautosha. Ndimu na dania mezani.

Majirani zetu wana njia zao, na naziheshimu. Waganda hufunga ndizi kwenye majani ya mgomba, wakazipika kwa mvuke na kuziponda. Wachaga wana mtori wao, ambao nyama ni haki yake. Wahaya wa Kagera huzipika na maharage, na sufuria hiyo inatosha bila kuongezewa kitu. Sisi tuna nazi. Sioni kwa nini sufuria ya Mhaya ikamilike kwa maharage na yangu ihesabiwe pungufu ilhali nimekuna nazi mbili, nikashinda jikoni asubuhi nzima. Anayetaka samaki wa kukaanga kando, karibu, nami nampenda samaki. Lakini akae kwenye sahani yake.

Yule kijana nilimjibu: "Kula kwanza, mdogo wangu, halafu uniulize tena." Alikula, akaongeza, na hakurudia swali. Alichouliza safari hii ni kama nimetia siagi, maana ule uzito hakuuelewa. Nikamwonyesha kikombe cha tui.

Jambo moja zaidi kwa watakaojaribu. Bakisheni tui jepesi kidogo, mliweke kwenye friji. Ndizi zikilala hunywa mchuzi wote, asubuhi unakuta zimeshikana. Zirudishe kwenye moto mdogo na tui hilo, zilegee, na mchemshe chai ya rangi.