Sitara ni ya nani?

Nyumba ya kale ya Lamu imejengwa kwa sitara. Mgeni hukomea dakani, ukumbi wa mlangoni, kwenye baraza za mawe zinazotazamana. Akikaribishwa hupitia tekani, kijiukumbi cha ndani ya mlango, na hapo njia hupinda kabla ya kutokea kiwandani, yaani uani, jicho lake lisije likawaangukia wenye nyumba. Halafu ni misana, kumbi ndefu zinazofuatana, halafu ndani, na nyuma kabisa nyumba kati, chumba cha giza ambacho wazee wetu walizalia humo na kuoshea maiti. Jambo likiwa zito husogezwa nyuma.

Ndiko anakosogezwa pia mwenye maradhi ya akili, na mtoto asiyesema kama wenzake. Ukiuliza habari zake utaambiwa "yuko ndani, hajambo", na mtu wa Lamu akijibiwa hivyo haulizi tena.

Siku hizi kuna wanaokuja na semina na mabango ya kututaka tuvunje ukimya. Wazee huwajibu kwamba ya ndani hayatolewi barazani. Nimekaa na pande zote mbili, na sioni upande wa kupuuzwa.

Nianze na wanaoficha, maana hao huhukumiwa upesi mno. Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema mwenye kumsitiri Mwislamu, Mwenyezi Mungu atamsitiri duniani na akhera, na watu wetu wameishi kwa neno hilo karne nyingi. Tena mji ni mdogo. Linalosemwa mtaa wa Langoni baada ya alasiri limeshafika mtaa wa Mkomani kabla ya magharibi. Kijana akiitwa mwendawazimu mara moja, jina halimtoki hata akipona, na dada zake wakija kuposwa wataulizwa habari zake. Sheria nayo ilikuwa ya kutisha. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji wa kufungwa hadi miaka 2. Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025. Kabla ya hapo, mama aliyefunga mdomo kuhusu mwanawe alikuwa akimwepusha na seli ya polisi. Nani angethubutu kumwambia avunje ukimya?

Na hata pa kusemea penyewe si popote. Nilimpeleka jamaa yangu kwenye kituo kimoja cha afya, tukakaa kwenye benchi na watu kumi na kitu. Mhudumu akatoa kichwa mlangoni akapaza sauti: "Yule wa akili aingie!" Jamaa yangu akainuka, akajitengeneza buibui lake, akatoka nje polepole. Ilituchukua miezi minne kumrudisha.

Lakini sitara ina upande wa pili, na huo ndio unaoniuma zaidi. Namjua mvulana mwenye usonji aliyekaa ghorofani, chumba chenye dirisha la baharini, hadi alipotimiza miaka tisa. Hakupelekwa chuo cha Kurani wala skuli. Wageni wakija, aliletewa sahani yake na mlango ukarudishwa. Hakupigwa, hakunyimwa kitu, alipendwa, akafichwa. Siku moja mjomba wake akagundua kwamba kila mashua ya Mokowe, gati la ng'ambo bara, inapokaribia, mtoto huitaja jina kabla haijaonekana. Anaijua kwa mlio wa mashine. Miaka yote hiyo alikuwa akijisomea, na hakuna aliyekuwa akimsomesha.

Usonji si maradhi ya kupona; ni namna ubongo ulivyojengeka tangu utotoni. Kinachosaidia ni mafunzo ya mawasiliano na ya shughuli za kila siku, na hayo huzaa zaidi yakianza mapema. Kenya ina vituo vya elimu vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu tangu 1984, lakini hakuna kituo kinachoweza kumpima mtoto ambaye watu hawajui kwamba yupo.

Wengine hapa hulaumu kombe na azima, tiba za aya za Kurani. Mimi sioni kosa katika sahani iliyoandikwa kwa zafarani na maji ya waridi. Mgonjwa akisomewa na mwalimu anayemwamini hutulia, na utulivu si kitu kidogo. Ila Mtume huyo huyo ametuamrisha tujitibu, kwani hakuna ugonjwa usiokuwa na dawa yake. Na mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki 934, alikwisha kueleza tofauti ya huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyojulikana sababu, na akaeleza pia wasiwasi, kwa neno lile lile tulilolirithi sisi. Ninachogombana nacho ni wakati unaopotea: mwaka wa kombe, mwaka wa kungoja, na mtu anazidi kudidimia.

Na sitara hiyo mwisho wake ni gatini. Hali ikifika pa kuhitaji kitengo cha magonjwa ya akili huko Mombasa, mgonjwa hushushwa mchana kweupe, akapandishwa mashua hadi Mokowe, kisha basi. Kilichofichwa miaka mitatu huonwa na mji mzima kwa robo saa, na huonwa siku yake mbaya kuliko zote.

Kwa hiyo lile la kusema au kunyamaza nimeliacha. Ninachouliza ni hiki: sitara hii ni ya nani? Hadithi imetaja kumsitiri mtu. Sisi tumeifanya ya nyumba, ya ukoo, ya posa, na mtu mwenyewe tumemgeuza kuwa ndiyo aibu. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2022 yanaihesabu siri kuwa haki ya mgonjwa, pamoja na haki ya kushirikishwa katika matibabu yake. Mtu ataniambia mtoto asiyesema, au aliyezidiwa, hawezi kuamua. Kweli, na hapo ndugu wataamua. Lakini waamue kwa faida yake, si kwa kuogopa majirani.

Binamu yangu ameniruhusu nieleze haya bila jina wala mtaa. Alipojifungua, arobaini yake haikupungua kitu: alikandwa kwa maji ya moto, akanyweshwa uji wa pilipili manga, nyumba ikajaa wanawake. Katika wingi huo hakuna aliyetambua kwamba mtoto akilala, yeye halali. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu wanawake 20 katika kila 100 hupata matatizo ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona. Siku ya thelathini na mbili aliniambia anamtazama mwanawe kama mtoto wa watu wengine.

Nilitaka kukimbia nikamwambie mama yake. Nikajizuia, nikamwuliza yeye nani ajue. Akanitajia watatu: mumewe, dada yake mkubwa, na muuguzi mmoja asiyekaa mtaa wetu. Basi wakawa hao. Mama mkwe wake aliuliza mara mbili huyu mke wa mwanawe kila Jumanne anakwenda wapi, na mara zote mbili akajibiwa, "Atakwambia mwenyewe, mama." Binamu yangu alimwambia mwenyewe, mtoto alipotimiza miezi saba.