Nyama ya Mkwe wa Watu

Siku ya meugang hakuna mtu Aceh, huko Indonesia, anayekula samaki. Bahari iko pale pale, samaki wapo, lakini ukionekana siku hiyo umeshika fungu la samaki, majirani watakuonea huruma mpaka ujute. Ni siku ya nyama: siku moja au mbili kabla ya Ramadhani, halafu tena kabla ya kila Idi. Wenyewe wanaihesabu tangu zama za Sultani Iskandar Muda, aliyetawala kuanzia 1607 hadi 1636, na ambaye inasemekana alikuwa akichinja na kuwagawia maskini. Sultani kaenda zake. Mzigo wameachiwa wakwe.

Maana kwa desturi ya huko mwanamume akioa humfuata mke. Nyumba ni ya mwanamke. Wazazi humwandalia binti yao nyumba, au humwachia ile ile wanayokaa, wao wakajibanza pembeni. Bwana harusi anaingia na begi la nguo. Kabla ya hapo ameshatoa mahari, na mahari huko huhesabiwa kwa mayam za dhahabu, mayam moja kama gramu 3.3, na Pidie ni wilaya inayosifika kwa mahari ya kumfanya kijana aoe akiwa na mvi. Basi mtu huyo nyumba si yake, kiwanja si chake, dhahabu kaitoa. Kilichobaki cha kuthibitisha kuwa yeye ni mume wa mtu ni kilo za nyama atakazopanda nazo ngazini siku ya meugang, mchana kweupe, kijiji kizima kikitazama.

Mimi Mpemba nilikuwa Banda Aceh, mji mkuu wa huko, kwa masomo. Niliyepanga naye alikuwa kijana wa huko huko, kaoa juzi juzi katika kijiji kimoja cha ndani kabisa Pidie, kijiji ambacho hata Waaceh wa mjini ukiwatajia wanakuuliza kiko upande gani. Nitamwita Bwana Harusi, inatosha. Meugang yake ya kwanza ilipowadia, tajiri wake dukani akamnyima ruhusa mpaka alasiri. Na nyama inayofika alasiri haina maana tena: watu wameshapika, wameshakula, wameshakusema.

"Ndugu yangu, wewe si ulitaka kuona meugang ya shamba?" akaniuliza alfajiri, huku ananikabidhi mfuko. Kilo tano za ng'ombe, na bei siku hiyo ilikuwa imefika rupia 180,000 kwa kilo. Aliushika ule mfuko kwa mikono miwili mpaka mwisho. "Mimi nakuja na pikipiki jioni. Tangulia na heshima yangu."

Maelekezo yake yalikuwa mafupi. Ukipita meunasah, yaani banda la kijiji la kusalia na la kila shughuli, utaona kiwanja kina nyumba tatu za nguzo, zote zimefanana, maana ni za ndugu wa kike wa tumbo moja. Ya mama mkwe ni ile yenye mbuzi mweupe uvunguni.

"Mbuzi mweupe ni mmoja tu kijiji kizima," alisema. "Huwezi kupotea."

Usafiri wa kwenda huko ni L300, vibasi vya Mitsubishi ambavyo viti vyake vina hesabu lakini abiria wake hawana. Nilipanda kituo cha Batoh. Ndani kila mtu kapakata mfuko, na damu iliyokuwa ikitambaa sakafuni haikujulikana ya nani. Tukaupanda mlima Seulawah kwa zile kona zake, na kwa kuwa kando ya barabara hukaa kima wanaoujua mfuko wa plastiki kuliko mchuuzi, abiria wote walifunga madirisha kwa pamoja bila kuambiwa. Tulikaribia kupikika pamoja na nyama zetu. Saree gari likasimama, watu wakashuka kununua krispu za viazi na kunyoosha miguu, kila mmoja akaniachia mfuko wake kwa kuwa mgeni hana pa kukimbilia. Nikajikuta mlinzi wa ng'ombe mzima aliyegawanywa.

Nikashuka Beureunuen, nikachukua becak, pikipiki yenye kitoroli ubavuni, tukaingia njia za mashamba ya mpunga. Kijiji kizuri, sisemi uongo. Minazi, mipopoo, na shokishoki karibu kila ua, nikahisi niko Wete. Nyumba zimesimama juu ya nguzo, zimeungwa kwa mbao na hobo bila msumari hata mmoja, na chini ya kila ngazi kuna mtungi wa maji ya kunawia miguu. Wazee walioko duka la kahawa waligeuka wote kumtazama mtu mweusi aliyekaa kitorolini kakumbatia mfuko unaochuruzika.

Nikapita meunasah. Nyumba tatu. Na mbuzi mweupe huyo hapo, kalala uvunguni mwa nyumba ya kulia, anacheua. Nikanawa miguu, nikapiga hodi ya Kiislamu, nikapanda. Mlango wa nyumba zile ni mfupi makusudi, ili kila anayeingia ainame kwa adabu. Mimi niliingia kwa adabu ya kipaji cha uso.

Akatoka bibi mmoja, kajitanda ushungi mweupe. Kiindonesia changu kilikuwa cha darasani. Yeye alikuwa na Kiaceh na machache ya ziada. Nikainua mfuko.

"Umetoka kwa mkwe," nikasema.

"Mkwe? Mkwe wangu?"

"Mkwe wako, Bibi."

Akakaa kizingitini, akalia.

Nikasema moyoni, kumbe Bwana Harusi anapendwa hivi na hasemi! Kisha bibi akaniuliza jambo ndani yake nikasikia Malaysia. Kweli mimi nilipokuja Aceh nilipitia Kuala Lumpur, tena nililala uwanja wa ndege. Nikaitikia kwa kichwa. Akalia upya.

Hapo mambo yakaenda mbio. Nikawekewa tambuu kwenye sinia, popoo imekatwa vizuri kama anavyokata bibi yangu, nikaletewa kahawa, nikaletewa mto wa kuegemea. Huko nyuma jikoni mabinti wakashika visu. Nikasikia nazi inakaangwa, halafu inasagwa, halafu harufu ikaja ikanikuta kwenye mto. Majirani wa kike wakaanza kupanda. Kila aliyepanda alichungulia chungu, akanitazama mimi, akasema Malaysia, nami nikaitikia. Nikadhani ndiyo adabu ya kumkaribisha mgeni.

Nilikuwa na kipande cha tatu mdomoni simu ilipolia.

"Ndugu yangu, umekwama wapi?" Sauti ya Bwana Harusi ilikuwa imekauka. "Mama mkwe kanipigia."

"Sijakwama. Niko kwake, ananilisha."

"Mama mkwe yuko ngazini tangu saa nne anaangalia njia. Anasema hajaona nyama wala Mwafrika."

Nikasogea dirishani taratibu. Nyumba ya kati, mama wa makamo kakaa kwenye kipandio cha juu, mikono kaifumbata, kaikazia macho barabara. Kisha kichwa kikageuka. Tukatazamana. Akatazama kijiko changu.

Kilichokuwa kimetokea nilielezwa baadaye na keuchik, ambaye ndiye sheha wa kijiji, kwa Kiindonesia cha pole pole. Mbuzi ni wa mawah. Yaani bibi mkubwa ndiye mwenye mbuzi, mdogo wake, yule mama mkwe, ndiye mlishaji, na wanaozaliwa wanagawana. Kwa hiyo mbuzi ana nyumba mbili kisheria, na siku hiyo aliamua kwenda kulala kwa mwenye mali. Bwana Harusi alimjua tu kwa mlishaji.

Na huyo bibi mkubwa naye ana mkwe. Yuko Malaysia, ameajiriwa kwenye duka la rejareja, kazi inayowachukua vijana wengi wa Pidie kwenda ng'ambo. Tangu aende, meugang zinapita hapeleki hata ujumbe. Kijiji kilikuwa kimeshamaliza kumsema mkwe, kimehamia kumsema bibi. Sasa meugang hii, kwa macho yao wenyewe, kapanda mtu kutoka bara la mbali na kilo tano, anakiri wazi kuwa katokea Malaysia kwa mkwe.

Tukakaa meunasah kuitafutia kesi dawa: keuchik, wazee wawili wa baraza, maana wengine walikuwa kwenye vyungu vyao, na mimi mshitakiwa, bado nanuka bizari. Ilianza kwa upole, ikageuka kesi ya mali kweli kweli. Mzee wa kwanza akasema nyama ni ya Bwana Harusi, na chenye mwenyewe hurudishwa kwa mwenyewe. Mzee wa pili akauliza irudishwe vipi, na imeshaingia nazi ya bibi, chumvi ya bibi na kuni za bibi? Atakayeitenganisha nani? Mzee wa kwanza akasema basi ihesabiwe kama mawah, bibi katoa viungo, Bwana Harusi katoa nyama, wagawane mchuzi nusu kwa nusu. Nilidhani anatania. Alikuwa ameshaanza kukadiria sehemu ya mgeni aliyekula.

Keuchik akakata maneno. Chungu hakiguswi, na hakuna wa kumwambia bibi neno, maana leo ndiyo mara ya kwanza kuonekana anacheka tangu mkwe wake apande meli. Lakini mama mkwe wa kati lazima apandishiwe nyama ngazini kabla ya magharibi, na wa kumpandishia ni yule yule aliyepotea. Akachukua ufunguo wa pikipiki yake, akaniambia panda.

Beureunuen mabanda ya nyama yalikuwa yamebaki magogo ya kukatia na nzi. Siku ya meugang ukifika adhuhuri umefika kuosha visu. Tulizunguka mpaka banda la mwisho, ambako muuzaji alikuwa anakunja turubai, na alichobakiwa nacho kilikuwa kimoja tu: kichwa cha nyati. Nyati wa mashamba ya mpunga, mwenye pembe zake kamili na sura ya mtu aliyeamshwa usingizini. Keuchik akamtazama, akanitazama mimi, akaanza kupatana bei.

Hapakuwa na mfuko wa kukitia. Nilikipakata. Nimesafiri na mengi maishani, kuku, magunia ya karafuu, godoro kwenye dau, lakini kichwa cha nyati kwenye pikipiki ni abiria wa tatu, na ana rai yake. Tukikata kona kushoto, pembe inamchoma keuchik mbavuni. Tukikata kulia, inanitafuta mimi kidevuni. Keuchik mwanzo alikuwa akisema "aduh" kwa sauti ndogo, mwishowe akawa anakata kona zote kwa kulia, hata pale ambapo njia haikutaka. Watoto waliokuwa wakicheza kwenye majaruba waliacha mchezo wakatufuata wakikimbia. Tulipopita duka la kahawa wale wazee wa asubuhi walisimama, na mmoja akavua kofia. Mpaka leo sijui ilikuwa kwa heshima yangu au ya nyati.

Nikanawa miguu upya. Nikaipanda ngazi ya kati nimekibeba kifuani, pembe mbili zikitangulia, na nikainama mlangoni, safari hii vizuri, ila pembe hazikuinama, zikanasa kwenye miimo yote miwili. Nikawa siingii sitoki. Mama mkwe yuko ndani, amesahau hasira, anavuta kwa masikio. Keuchik yuko nyuma yangu anasukuma mgongo. Nyumba nzima isiyo na msumari ikaanza kulia kwenye hobo zake. Bwana Harusi alifika na pikipiki yake wakati huo huo. Alichokiona kwanza kwa wakwe zake ni makalio yangu na ya keuchik.

Kilipoingia, tena kwa ubavu, ua ulikuwa umejaa. Kilo tano kila mkwe analeta. Kichwa chenye pembe hakikuwa kimeonekana kwenye ngazi ile tangu babu yao. Mama mkwe alimshika Bwana Harusi mkono akampitisha mbele ya wageni, yeye kanyamaza kimya, na kwa jinsi alivyokuwa akinitazama nilijua anapiga hesabu: kilo tano, na kichwa, na bado mshahara haujatoka.

Usiku, baada ya isha, bibi mkubwa akataka kumshukuru mkwe wake. Mjukuu akapiga simu Malaysia kwa video, akaweka sauti juu. Sote tulikuwa barazani kwake: keuchik, wazee wa baraza, Bwana Harusi, mimi. Hakuna aliyekuwa anapumua. Uso wa mwanamume ukatokea kwenye kioo, nyuma yake rafu za sabuni na tambi. Bibi akamwaga shukrani zote: nyama imefika, nzuri, haina mafuta mengi, na mtu uliyemtuma ana adabu, ila anagonga kichwa.

Yule bwana alinyamaza. Macho yakaenda kulia, yakaenda kushoto.

"Alhamdulillahi," akasema. "Nilikuwa na wasiwasi labda itaharibika njiani."

Keuchik akakohoa akatoka nje. Bibi akalia tena, wakaongea sana, mwisho yule bwana akaomba apewe mgeni wake amsalimie. Nikapewa simu. Akaniambia nizime spika, nisogee pembeni, na niliposhuka ngazi mpaka uvunguni kwa mbuzi akaniuliza kwa Kiindonesia, kwa sauti ya chini:

"Kaka, nilituma kilo ngapi?"

"Tano," nikamjibu.

Akasonya. "Tano nyingi. Ungesema tatu wangeamini."