Chora Kwanza, Kisha Unitajie r

Wiki iliyopita nilikaa kwenye mkutano mmoja hapa Mombasa, mahamri na chai mezani, feni zikizunguka, na kijana mmoja akatuwekea ukutani namba kubwa: r = 0.8. Basi. Hakuna mchoro, hakuna nukta hata moja. Tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga, ndiyo maana naandika haya kwa haya kidogo.

Kwa asiyeijua, r ni kipimo cha namna vitu viwili vinavyokwenda pamoja. Hukaa kati ya -1 na 1. Vikipanda pamoja huelekea 1. Kimoja kikipanda kingine kikashuka, huelekea -1. Fomula tunayoitumia ina jina la Karl Pearson wa Uingereza, na imekuwapo tangu mwishoni mwa karne ya 19. Sina ugomvi nayo. Tatizo ni kwamba hupima jambo moja tu: nukta zimeukaribia kiasi gani mstari ulionyooka. Na bahari yetu haiendi kwa mstari ulionyooka.

Nilipofika nyumbani nikafungua jedwali la maji la Kilindini, nikachukua mwezi mzima wa kuandama. Chini nikaweka siku za mwezi, mosi hadi ishirini na tisa. Upande wa kusimama, urefu wa maji yakijaa. Kabla ya kuchora nikakokotoa r. Ikatoka kama -0.2. Dhaifu. Bwana wa slaidi angetuambia mwezi na maji havina uhusiano wa maana, kisha tukaenda kula.

Kamwambie hivyo mvuvi yeyote wa Mtongwe, uone atakavyokucheka.

Nilipozitia nukta kwenye karatasi, zikainuka na kuinama mara mbili: juu siku moja mbili baada ya mwezi kuandama, chini ulipopita nusu, juu tena baada ya kuwa mpevu, kisha chini. Bamvua, maji mafu, bamvua, maji mafu. Sijui uhusiano mwingine hapa pwani ulio thabiti kama huo, na r imeupita bila hata salamu, kwa kuwa kule kupanda na kushuka karibu vinafutana.

Kinyume chake pia hutokea. Mwaka 1973 mtakwimu Francis Anscombe alitunga makundi manne ya data, kila moja nukta 11, na yote yana r ya 0.816. Ukiyachora, la kwanza ni wingu la kawaida, la pili ni upinde, la tatu ni mstari safi ulioharibiwa na nukta moja. La nne ndilo linalonikosesha usingizi: nukta kumi zimesimama wima pahali pamoja, na moja iliyokaa mbali peke yake ndiyo iliyobeba uhusiano wote. Nani ajuaye kama ile 0.8 ya mkutanoni haikubebwa na nukta moja kama hiyo?

Wengi hukimbilia onyo la kwamba kwenda pamoja si kusababishana. Ni kweli. Bei ya samaki na mauzo ya sweta vinaweza kupanda pamoja kati ya Juni na Agosti, na anayezisukuma zote ni kusi: bahari imechafuka, vyombo vidogo havitoki, na upepo umeleta ubaridi. Lakini onyo hilo naliona la hatua ya pili. Sisi ya kwanza hatujaifikia, hatujazitazama nukta.

Mchoro wangu nilimpelekea ami yangu, aliyevua miaka mingi kabla ya magoti kumkatalia. Hajasoma takwimu hata siku moja. Akaweka kidole kwenye kilima cha kwanza. "Bamvua hii." Akashuka bondeni. "Maji mafu." Kisha akanyamaza, akarudi tena kwenye vilima.

"Mbona hiki kirefu kuliko kile?"

Nikamwambia, "Ami, mwezi hauko umbali mmoja siku zote. Ukisogea karibu nasi, bamvua huwa kubwa zaidi."

"Basi umbali huo nao uko wapi hapa?"

Haukuwamo. Nimeanza kuutafuta, nimwekee kwenye karatasi ya pili.